Dawa ya Vita Kwenye Mkeka wa Mwanahawa

Nichekeni, lakini nisikilizeni kwanza. Wakati wa vita vya Maji Maji, mimi ndiye niliyekabidhiwa kibuyu cha dawa hapa Ruaruke, yale maji ya kugeuza risasi za Mjerumani ziwe maji. Nilitembea nacho kifua mbele, utadhani nimeyachota peponi mwenyewe.

Nyumbani, binti yangu Mwanahawa alikwishahifadhi juzuu nzima ya Kurani, lakini bado alikuwa kikojozi. Mke wangu akashauri, "Baba Mwanahawa, jioni tusimpe maji mengi, na usiku tumwamshe akakojoe."

Nikamcheka. Dawa inayoshinda bunduki ishindwe na kibofu cha mtoto? Nikamnywesha kata moja. Akakojoa. Nikamnywesha mbili, mkeka ukaelea. Siku ya tano kibuyu kikakauka, nikakijaza maji ya mtoni.

Siku ya kwenda vitani wanaume wakajipanga, nami nikawanyunyizia mmoja mmoja, nimekunja uso kama mganga. Mara Mwanahawa akapita na mkeka wake, anakwenda kuuanika. Mzee mmoja akamwuliza, "Hujapona tu, mjukuu wangu?"

"Bado, babu. Na ile dawa ya kibuyuni nimeshaimaliza yote."

Wanaume wote, maji ya mto yakiwadondoka vichwani, wakageuka kunitazama.