Chini ya Kabati Palikuwa Safi

Nakumbuka asubuhi moja, Mwanangu, niliulizwa swali moja, nikalijibu kwa lugha mbili, na kwa zote mbili nikasema uongo. Nimelikana jambo hilo miaka thelathini: kwa mama, kwa mume, hata kwa kioo. Leo nina miaka hamsini, na mvi zimeanza kunisuta. Basi nakiri.

Ilikuwa Garissa, wakati wa vita vile tulivyoviita vya mashifta. Barabara zilijaa vizuizi, na wafugaji walikuwa wakikusanywa katika vijiji vya seng'enge. Mimi, kwa Kiswahili changu cha shule, nilipata kazi ya ukalimani kwenye ofisi moja ya vibali vya mifugo. Nilijiona malkia, japo viatu nilikuwa nimeazima.

Habiba alifagia ofisi na kupika chai. Alikuwa mjane, mkubwa kwangu kidogo, ngamia wake wameishia vitani. Kiswahili hakukijua. Kilichomweka mjini na wanawe wawili ni barua ya kazi tu. Bila hiyo angepakiwa kwenye lori hadi seng'enge. Nguo zake alizifukiza uunsi, ubani wetu, na mimi aliniita abaayo, dada. Chai ya tangawizi tulikunywa kikombe kimoja, kwa zamu, tukicheka hata pasipo la kuchekesha.

Bosi wetu naye hakujua Kisomali. Lolote alilotaka kumwambia Habiba lilipita kinywani mwangu.

"Mwambie macho yake yananinyima usingizi."

Nikamgeukia Habiba. "Anasema sakafu inang'aa."

Habiba akatabasamu. Bosi akatabasamu pia, akidhani amejibiwa.

Nilidhani hiyo ni hekima. Funika kombe mwanaharamu apite, si ndivyo wanavyosema? Wetu hakupita. Alikuwa na meza na kiti pale pale.

Siku nyingine akasema, "Mwambie ainame tena." Nami nikatafsiri: "Anasema hujafagia chini ya kabati." Habiba akanitazama kitambo, akainama. Bosi akacheka. Mimi nikageukia dirishani, kana kwamba mbuzi wa nje wana habari mpya.

Haikupita wiki akafunga mlango akiwa naye ndani, akamvuta shuka ya kichwa. Habiba akammwagia birika la chai mapajani. Bosi alitoka akipiga kelele kwamba ameshambuliwa na dada wa mashifta. Akaja mkubwa wake kusikiliza shauri, akanigeukia.

"Wewe ndiye mkalimani. Bwana huyu amewahi kumsemesha vibaya?"

Nilifikiria kazi yangu. Nilifikiria jina langu: binti gani wa nyumba yenye heshima atatamka maneno yale mbele ya wanaume?

"La, bwana. Humsifu usafi tu."

"Mweleze mwanamke huyu ulivyosema."

Nikamwambia Habiba kwa Kisomali, "Nimewaambia ukweli." Akaitikia kwa kichwa, taratibu. Jioni ile barua yake ilichukuliwa, na kesho yake lori likaelekea seng'enge ya Balambala naye ndani, watoto mapajani.

Baadaye nilisoma chuo kikuu. Nikaandika tasnifu juu ya uaminifu katika tafsiri. Wakanipa alama za juu, wasijue wanampa nani. Lakini uunsi ukifukizwa popote, hata harusini, mimi hutafuta pembe nikakaa peke yangu, nikikitamani kile kikombe kimoja.

Mwanangu unayeanza kazi, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukisikia neno chafu akiambiwa mwenzio, usilifue kabla ya kulifikisha. Aibu ni ya aliyelisema. Na ukiulizwa, sema siku ile ile, maana siku ya pili ulimi huwa mzito, na ya tatu huwa jiwe. Mungu akupe sauti isiyotetemeka, na akupe mwenzio wa kukusemea.

Hayo niliyaandika, nikaona hayatoshi. Mwezi uliopita nilipewa namba ya duka moja la Garissa. Nikapiga kutoka Nairobi, nikataja jina langu. Mwenye duka akaenda kumwita mama wa chai.

"Nabad, abaayo," ikanisalimu sauti ile ile.

"Habiba, yale aliyokuwa akisema bosi..."

"Chini ya kabati nilikuwa nimeshafagia. Palikuwa safi. Mwanamume gani anajali chini ya kabati?"

"Sasa mbona ulikuwa ukitabasamu?"

"Nilikuwa nakucheka wewe. Ulivyodanganya vibaya!" Akacheka. "Lakini siku ile ya mkubwa, nilikuwa nakungoja. Nikasema moyoni, leo huyu mtoto atasema."

Nikausogeza mkono wa simu karibu zaidi na sikio.

"Kazi yako hukuimaliza, abaayo. Nitafsirie sasa. Yote, kama alivyosema."

"Ni machafu, Habiba."

"Nayajua. Nataka kuyasikia kwako."

Nikavuta pumzi, nikaanza na macho yake na usingizi.