Bertin wa Panda na Motokari Isiyotaka Kusimama

Ukifika Panda, mtaa wa Likasi, na ukauliza nyumba ya Bertin, watu hawakuonyeshi nyumba. Wanakwambia fuata kelele. Siku nyingine ni kelele ya tupa juu ya chuma, siku nyingine ni ya motokari yake ikikohoa kabla ya kuamka. Minye nilipita kwao mara ya kwanza nikitoka Kambove kwa miguu, nikaomba maji, na bibi yake Fidélie akanipa na bukari, ugali wa kule, juu yake. Tangu pale, kila nikipita Likasi, nalala kwao.

Bertin ni mutu mfupi wa mikono mikubwa. Maisha yake yote alichonga vyuma katika atelie ya kampuni ya shaba, na alipopumzishwa, mikono ilikataa kupumzika. Ndipo alipoikumbuka ile Alfa. Ilikuwa motokari ya mbio ya zamani, ya milango miwili, nyekundu, imekaa chini kama mutu aliyechuchumaa. Injinia mmoja aliiacha chini ya paa la bati akarudi kwao, hakuandika tena. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Bertin akaomba wampe, wakampa wakicheka.

Aliikata sakafu iliyooza akaunga nyingine ya bati la pipa. Injini aliifungua juu ya meza ya kulia, Fidélie akahamishia sahani kizingitini. Karburateri aliichemsha ndani ya sufuria yake, na sufuria hiyo haikurudi jikoni hata leo. Majirani wakaanza kusema Bertin ameoa bibi wa pili. Fidélie akawajibu kwamba bibi wa pili angalau angesaidia kutwanga sombe, yale majani ya muhogo.

Lakini alikuwa na subira, kwa sababu alijua motokari ile inatengenezwa kwa ajili ya nani. Walipokuwa wachumba, Bertin alimwahidi kumpeleka Mwadingusha, waketi wawili waangalie maji yanavyoanguka. Ikaja kazi, wakaja watoto, zikaja misiba. Hawakwenda.

Siku Alfa ilipotoka nje mara ya kwanza, Fidélie alivaa kitenge kipya akaketi pembeni ya mume wake. Kwenye mteremko wa kwenda Kikula, freni zikachoka. Zilikuwa freni za tambuu, zile za zamani zinazofungiwa ndani ya gurudumu kama kitu ndani ya sufuria yenye kifuniko. Bertin alikanyaga, akakanyaga tena, na motokari ikaendelea na safari yake. Ilipita ndani ya ua wa Mama Berthe ikasimama katikati ya bustani yake ya sombe. Fidélie alishuka, akatafuta kiatu chake kimoja, hakukiona, akarudi nyumbani na kile kingine. Neno lake lilitoka jioni, akigeuza bukari.

«Baba Daniella, siku nitaona hii motokari inasimama pahali weye umeiambia isimame, ile siku nitaingia. Mbele ya ile siku, hapana.»

Bertin kesho yake akaenda kutafuta Toyota iliyokufa, akaitoa freni zake za mbele, zile za disiki. Disiki ni sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, na vibao viwili vinaibana pande zote mbili. Hazikulingana na Alfa hata kidogo. Alichonga vipande vya kuziunganisha, akaharibu vya kwanza, akachonga vingine. Akakaza springi ili motokari isilale kwenye kona, akafunga mikanda ya kiti. Usukani ule mwembamba wa mbao aliuacha kama alivyoukuta, kwa sababu, alisema, hata mzee akivaa meno mapya bado anacheka kicheko chake.

Ilipomalizika akamwita Fidélie. Gurudumu la Alfa lina matundu, na ndani ya matundu ile sahani ilikuwa inang'aa.

«Ona, Mama. Hii sahani njo inabeba roho yangu. Ikishika, niko muzima.»

Fidélie akainama, akaangalia muda mrefu, akaguna tu.

Hapa sina budi kueleza jambo moja. Bertin ni Mkatoliki, lakini Fidélie anasali katika kanisa la maombi pale Kikula, na ana chupa ndogo ya mafuta ya zeituni ambayo pasta aliombea. Hakuna gurudumu linalotoka katika lupango, ule ua wao, bila mafuta hayo. Baiskeli, toroli, pikipiki ya mkwe wao, vyote anavigusa mpira kwa kidole na kunong'ona. Hata siku ya bustani ya Mama Berthe alikuwa ameipaka Alfa, na alisema bila mafuta wangefika mpaka ndani ya nyumba. Bertin anamwachia. Mafuta kidogo juu ya mpira hayaharibu kitu.

Basi, vijana wa Kikula wana mchezo wao. Nyuma ya maghala ya zamani ya Panda kuna uwanja mpana wa simenti. Wanapanga mapipa, na kila motokari inapita peke yake katikati yao, huku na huku, kwa lubilo, mbio kabisa. Ukigusa pipa unaongezewa wakati. Mwisho kuna mraba wa chokaa. Usiposimama ndani yake, umepoteza. Kila dereva anapewa nafasi mbili. Mkubwa wao ni Merdi, muuza vipuri, mwenye Toyota ndogo na mdomo mkubwa. Alimwambia Bertin alete kitanda chake cha kuku. Bertin akakubali, na si kwa ajili ya mapipa. Alikubali kwa ajili ya ule mraba. Fidélie angekuja kutazama.

Asubuhi ya mchezo, Bertin akiwa anaoga, Fidélie alitoka na chupa yake. Alikuwa na hofu kuliko siku zote, na safari hii hakugusa mpira. Alikumbuka kile ambacho mume wake alisema kinabeba roho yake. Akaingiza mkono katika matundu ya gurudumu, akaipaka ile sahani yote, upande wa kushoto na wa kulia, na hakubana mafuta.

Uwanja uko karibu, Bertin alikwenda polepole kama anapeleka mayai. Zamu yake ilipofika, Alfa ililia vizuri. Ilipinda kati ya mapipa kama mutu anayejua njia ya kwao, na hata Merdi alisogea mbele kuona. Kisha ukaja mraba. Bertin akakanyaga. Alfa ikapita juu ya chokaa, ikaangusha pipa lililosimama ng'ambo ya mraba, ikaingiza pua ndani ya lundo la mipira mikuukuu ya motokari.

Watu walicheka mpaka wakashika matumbo. Merdi akauliza kwa sauti kama muzee anataka wamletee sombe. Fidélie alikuwa ameshika kitenge chake mdomoni, na alishaanza kugeuka kwenda nyumbani.

Bertin akapiga magoti karibu na gurudumu, akagusa disiki, akanusa kidole. Hakikuwa na harufu ya garaje. Kilikuwa na harufu ya Fidélie akirudi kutoka maombi.

Akainuka, akajifuta mkono kwenye suruali, akamwambia Merdi kwamba motokari haina kosa, ni mguu wake wa kuume ndio umezeeka, umechelewa.

Fidélie akasikia. Miaka yote waliyokaa pamoja, Bertin alikuwa hajawahi kulaumu mguu wake kwa kitu chochote. Akarudi, akainama, akaona mafuta.

«Njo minye,» alisema. «Ni mafuta yangu.»

«Najua,» alisema Bertin polepole. «Ulifanya muzuri, Mama. Pahali pa kupaka njo ulikosa.»

Walifanya kazi pamoja mbele ya watu wote. Fidélie alisugua disiki kwa sabuni ya unga na maji, akazikausha kabisa kwa kitambaa chake. Bertin alitoa vibao, akavikwangua, kisha akaomba nafasi kwenye mbabula ya mama anayechoma mahindi. Vibao vikachomwa pembeni ya mahindi, mafuta yakatoka kwa moshi, na mama yule akalalamika kwamba leo atauza mahindi ya Toyota.

Zamu ya pili ilipofika, Fidélie alifungua mlango akaketi. Bertin akamkumbusha kwamba bado hajaona motokari ikisimama.

«Minye njo niliiharibu,» alisema, akivuta mkanda. «Minye njo nitajua kama imepona.»

Safari hii hawakuwa wepesi, maana Fidélie ni mama mwenye mwili na Bertin aliendesha kama mutu aliyebeba kitu. Toyota ya Merdi iliwashinda bila shida. Lakini kwenye mraba Alfa iliinamisha pua, ikasimama katikati ya chokaa. Fidélie alibaki amekanyaga sakafu kwa mguu wake mwenyewe, akisaidia. Mtu akaja kumfungulia mlango. Fidélie akaurudisha.

«Twende Mwadingusha,» alisema.

Wakaenda vilevile, na vumbi lao.

Fidélie bado anapaka mafuta kila wakitoka. Ila magurudumu ameyaacha. Sasa anainama mlangoni na kumpaka Bertin mguu wa kuume, juu ya kiatu, na Bertin amemwonyesha vizuri asiguse soli.