Pale Palikuwa Bulanjeri

Jumatatu nilikwenda mtaa wa Ndosho kupiga fotokopi. Kando yangu mama mmoja mushonaji alikuwa anatengenezewa site ya internet kwa ajili ya atelye yake ya kushonea. Bwana wa kompyuta, mwenye tai, akamwomba adresi.

"Andika: pale palikuwa bulanjeri."

"Bulanjeri gani, mama?"

"Ile ya mikate, lava ya volkano ilikula."

Bwana akatoa mikono kwenye vibonye vya klaviye. "Site ni kitu ya kisasa. Hauwezi kutuma mutu kwenye kitu haiko. Nipe avenue na numero."

"Papa, numero hata mimi siijue. Batu wanatoka mutaa wa Majengo, wanauliza bulanjeri, wanafika. Ukiwapa numero watapotea, na mimi nitashonea nani?"

Sikuulizwa, lakini nilisimama kama niko kwenye mdahalo wa chuo: site ni ya mama, ao ni ya ramani? Nikiwa mtoto nilikuwa nikitumwa mkate kwenye bulanjeri ile asubuhi, nikifika nyumbani ncha yake imeshaliwa, na mama yangu anajifanya hajaona.

Wajuzi wetu wanajua rangi na herufi za site. Mji ndio hawaujui.

Bwana akaandika avenue kwa herufi kubwa, na maneno ya mama chini, madogo. Mama akagusa kioo kwa kidole. "Geuza. Yangu ipande juu."

Akageuza.

Jana niliifungua site hiyo kwa simu. Mteja wa kwanza ameandika: "Mama, ni ile ya mikate ya sukari? Niko njiani."