Mguu wa Kushoto wa Mzee Zschocke

Cha kwanza kuonekana ni soksi. Ya kushoto imeshonwa kisiginoni kwa uzi mwekundu, maana mguu huo ndio unaofanya kazi zaidi.

Saa moja asubuhi, Jumapili ya kwanza ya Majilio, majuma ya kungoja Krismasi, Gottlob Zschocke anavua viatu nyuma ya kinanda cha kanisa, juu kwenye roshani. Akikanyaga ubao, mvukuto unainuka, kisha unashuka polepole ukikipa kinanda pumzi. Kabla haujafika chini, anakanyaga mwingine. Miaka arobaini na mmoja sasa.

"Mzee, leo utatuvusha, au tumwite seremala wa majeneza?" anatania Traugott, mpiga tarumbeta.

"Wewe pulizia uji wako. Kinanda niachie mimi."

Utani huo una mzizi. Mwaka jana iliimbwa kantata hii hii ya leo, utungo mrefu wa kwaya na ala, uliojengwa juu ya wimbo ambao mji mzima unaujua tangu utotoni. Wimbo una mistari minne. Kwaya huimba mmoja, fidla zikaingia, kisha mwingine. Mzee alihesabu mistari. Wa nne ulipokwisha, akashuka ubaoni bila kungoja kengele ya kumaliza. Kumbe fidla na kinanda bado vilikuwa na safari. Kinanda kikaguna kama ng'ombe mgonjwa, kikanyamaza.

Bwana Weidlich, mwalimu wa kwaya, hakumficha: akikosea tena, kazi anapewa mtu wa kinu cha kusagia unga. Kazi ikienda, chumba anamoishi chini ya mnara kinakwenda nayo.

"Magoti yamekwisha," Mzee Zschocke anamwambia Traugott, akiyasugua. "Lakini mke wangu alifia chumbani mle. Niende wapi?"

Kantata inaanza. Mstari wa kwanza. Wa pili. Jasho linamtoka ingawa nje kuna theluji. Wa nne unakwisha, na mguu wa kushoto unabaki hewani.

Unakanyaga. Unakanyaga tena, mpaka Bwana Weidlich anapovuta kamba ya kengele: basi.

Mzee anakaa juu ya ubao. "Pasaka nitaomba Jumapili moja tu, nikae kule chini na watu. Sijawahi kuusikia muziki huu kutoka huko."

Mwaka jana alipoulizwa nani alimwambia ashuke, alijibu, "Masikio yangu."

Hayakuwa masikio yake. Mimi, mfagiaji wa kanisa, nilikuwa nimekaa na ufagio wangu nyuma ya mivukuto, nikamwonea huruma, nikamnong'oneza: "Babu, wimbo umekwisha. Pumzika."