Disketi Isiyo na Majina

Philémon alikuwa mtu wa kupunguza. Serikali ya Zaïre ilipomnyang'anya jina la ubatizo, kitambulisho kikabaki na Bulonza tu, alisema afadhali, jina limekuwa fupi. Kwa akili hiyohiyo aliingia kazini katika hospitali moja ya masista pale Bukavu, walipoletewa kompyuta ya msaada, kuukuu, yenye kumbukumbu ndogo.

Masista walitaka programu ya kutafuta watu wa kutoa damu. Philémon akaiandika, ikawa nene, mashine ikaikataa. Basi akaikata vipande. Kipande kikuu kilikaa ndani ya kumbukumbu muda wote. Vingine vilikaa kwenye disketi ya pili, vikiitwa pale tu vinapohitajika, kisha kimoja kinampisha mwenzake. Ndivyo afanyavyo mama mwenye jiko moja: huipua maharage ndipo asonge bugali. Majina ya watoa damu nayo, yaliyokaa kwenye disketi ya kwanza, aliyabana mno, hata yakawa yanasomeka kwa kipande kimoja tu, kile cha kutafuta. Alijivuna, tusifiche. Karatasi za zamani za majina hayo zikaenda jikoni kuwashia moto.

Halafu Apolline, mke wake, akajifungua mtoto wa kike asubuhi, na damu ikakataa kusimama.

"Citoyen Bulonza," daktari akamwambia, "bibi yako iko O négatif, na frigo iko vide, hakuna hata chupa moja ya damu. Tafuta mutu kwa machine yako, mbio!"

Akakimbia ofisini. Mashine ikawaka, ikaomba disketi ya pili. Akaitia. Kioo kikamjibu kwamba kipande hakionekani. Akaitoa, akaipangusa kwa shati, akairudisha. Vilevile.

"Bisimwa," akamwuliza mwenzake wa ofisini, "hii disketi uliifanya nini?"

"Ile ya pili? Niliandika mule nyimbo ya korali, ya Pâques, ya Yezu kufufuka. Papa, nilifungua kwanza, nikaangalia muzuri: hakuna hata jina moja ya mutu. Nikasema iko bure."

Tusimcheke Bisimwa. Bukavu ya miaka ile disketi mpya haikupatikana hata kwa kuomba. Kila mtu aliandika juu ya alichokikuta. Philémon ndiye aliyejua kwamba disketi ile isiyo na jina la mtu ndiyo iliyowashika watu wote, na hakumwambia yeyote. Nakala hakufanya. Kukiandika upya kipande kile kulitaka majuma, na Apolline hakuwa na majuma.

Damu ya Philémon mwenyewe ilikataliwa, haikuwa ya kundi lile. Akatoka mbio hadi parokiani, akapanda hadi kambini kwa askari, akiwashika watu mikono.

"Baba, muko na groupe gani ya damu? Maman, munisaidie, bibi yangu anakufa!"

Wengi hawakujua. Wengine walidhani amerukwa na akili. Wachache waliokubali kuja kupimwa, hata mmoja hakufaa. Apolline akafa mchana, na Philémon akalia mbele za watu bila haya.

Matanga yalipoisha alirudi ofisini kukiandika upya kipande cha kutafuta, huku mama mkwe akilea kichanga. Sista alimsihi apumzike, hakusikia. Kazi ilipokwisha, akaitisha O négatif.

Likatoka jina moja: Lucien, fundi viatu, mlangoni pa hospitali. Siku ile Philémon alimpita akikimbia, wala hakuitikia salamu yake.