Konokono Waliopungua Kwenye Karatasi

Miaka kumi na sita Nasipwondi aliingia ziwani na buti za mpira, chujio la mpini mrefu mkononi, kuchota konokono wanaoeneza kichocho. Wenyeji wa ufukwe ule, jirani na Luanda Kotieno, waliikataa kazi hiyo: mtu mzima ahesabu konokono? Yeye, Mluhya aliyeletwa huko na biashara ya omena, wale dagaa wa ziwani, hakuona aibu. Alichota nusu saa kamili, akahesabu, akaandika.

Kila mwaka ilikuwa tarehe ileile, kati ya vigingi vilevile. Ndivyo alivyotaka Daktari Gordon, mkuu wa mradi wa kugawia watoto vidonge vya kichocho, ambaye ziwa alilitazama kupitia kioo cha gari. Watu husema akili ni nywele. Za Daktari zilikwisha zamani.

Mwaka jana Nasipwondi alipata konokono mia nne. Mwaka huu, arobaini. Mtoto yeyote wa pale angekueleza sababu: konokono hujishikiza kwenye mizizi ya magugu maji, na juma lile upepo ulikuwa umeyasukuma magugu yote ng'ambo, upande wa Mbita. Vigingi vilibaki kwenye maji matupu. Akampigia Daktari simu.

"Daktari, wacha magugu irudi ndio nihesabu. Hawa hawajapungua. Wamesafiri tu."

"Mama, mpango inasema tarehe na mahali. Upepo haiko kwa fomu."

"Basi niandike hapo chini, kwa maoni."

"Andika."

Akaandika mistari mitatu. Ilipofika Kisumu, watu wa kompyuta waliifuta, wakisema wanasafisha takwimu. Mia nne ikawa arobaini, upungufu wa asilimia tisini. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Ilichokosa ni akili.

Katika hoteli moja ya mjini, yenye zulia la kuzamisha miguu, Daktari aliwaonyesha wafadhili mstari unaoteremka. Vidonge vimefanya kazi, wakasema, sasa viende ufukwe mwingine wenye shida. Hakuna aliyeuliza kama kichocho kimepungua matumboni mwa watoto, kwa kuwa kupima kinyesi ni kazi inayonuka na sambusa zilikuwa mezani. Wakapiga makofi. Nasipwondi, aliyeketi nyuma kabisa na soda yake, akijua anachojua, naye akapiga. Aliona haya kuwa mtu pekee aliyekunja mikono.

Majuma matatu baadaye upepo uligeuka, magugu yakarudi, na konokono wao juu yake. Watoto waliendelea kuoga palepale. Kabla ya Krismasi mjukuu wake Shantel, mwenye miaka saba, alikuwa ameanza kuhara damu, tumbo limevimba, shingo imekonda.

Nasipwondi alimbeba mgongoni hadi zahanati. Nesi Winny alimbonyeza mtoto tumbo, akafungua kabati, akalifunga.

"Ni kichocho. Lakini vidonge hawaleti huku tena, Mama. Walisema huku imeisha."

"Nani alisema imeisha?" Nasipwondi aliwaka. "Ni mjinga gani huyo? Alikuja hapa lini? Aliingia maji gani?"

Winny hakuwa mtu wa ubishi. Alitoa ripoti ya mradi kwenye droo, akaifungua ukurasa wa mwisho, penye shukrani, akaweka kidole chini ya jina moja.

"Si ni wewe ulihesabu?"