Msomaji wa Matangazo ya Vifo

Stesheni yetu ya televisheni ilikuwa Kitale mjini, juu ya duka la mbegu. Studio ilikuwa chumba kimoja kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kelele za malori ya mahindi zisiingie. Kamera zilikuwa mbili, moja mbovu. Asubuhi tulionyesha kwaya, mchana bei za mahindi, na saa moja jioni taarifa ya habari, ikifuatwa na matangazo ya vifo, ambayo ndiyo watu waliyoyangoja kweli. Mimi ndiye niliyeyasoma.

Nimezaliwa Malakisi, kijijini Bungoma, na ulimi wangu, kama wa wengi wa kwetu, ulibadilisha l na r bila kuniomba ruhusa. Siku za kwanza nilitaka kusoma "marehemu" nikatoa "malehemu", na mwenye stesheni akatoka ofisini akicheka mpaka akakohoa. Nilidhani atanifukuza. Badala yake alimwagiza mhariri ayakusanye makosa yangu ya wiki nzima na kuyawekea vicheko vya watu. Kipindi hicho kikawa cha Ijumaa jioni. Haukupita muda, baa za Kitale na Bungoma zikawa zinaongeza sauti nikitokea.

"Usijirekebishe," aliniambia. "Hiyo ndiyo kazi yako."

"Na wenye misiba?"

"Wenye misiba hawana muda wa kutazama vichekesho."

Kisha baba akafa. Alilima tumbaku maisha yake yote, na kifua ndicho kilichommaliza. Niliomba ruhusa niende nyumbani, na tangazo lake lisomwe na mwingine.

"Utaenda," mwenye stesheni akasema kwa upole. "Lakini soma kwanza. Baba yako atatangazwaje na mtu asiyemjua? Ni heshima."

Nilimwamini. Nilisoma nikiwa nimeshika meza kwa mikono miwili. Mkulima akawa mkurima. Aliyelala akawa aliyerara. Sikulia. Mhariri, nyuma ya kioo, hakuinua macho.

Ijumaa, mwili ukiwa umeshaletwa nyumbani, ndugu zangu walitoa televisheni nje, chini ya hema, wageni waone tangazo la mzee likirudiwa. Likarudiwa kweli, lakini ndani ya kile kipindi cha vichekesho, na vicheko juu yake. "Malehemu, mkurima," nikasema pale kwenye televisheni, umati usioonekana ukaangua kicheko, sura yangu ikarudishwa nyuma, nikasema tena. Mjomba alicheka kabla hajaelewa. Wali ukamtoka mdomoni. Wageni wawili watatu wakamfuata. Mama aliinuka, akachomoa waya, akarudi kukaa kando ya jeneza. Hakunitazama.

Shangazi ndiye aliyenifuata jikoni. "Si ungekataa? Ati baba yako alikusomesha uje umfanye hivi?"

Nikaendelea kusugua sufuria.

Baada ya mazishi nilirudi Kitale, nikajifungia chumbani kila asubuhi nikisoma gazeti kwa sauti, neno moja moja, mpaka taya zikauma. Kisha jioni moja nikasoma taarifa nzima na matangazo yote ya vifo, kila l mahali pake, kila r mahali pake. Sijawahi kusoma vizuri kama siku ile.

Mwenye stesheni alingoja taa zizimwe.

"Umesoma sawasawa," akasema. "Lakini wa kusoma sawasawa wamejaa, bana. Jumatatu usije."

Nafasi yangu ilichukuliwa na msichana kutoka Myanga, si mbali na kwetu. Nilisikia kwamba kwenye usaili alisomeshwa tangazo moja tena na tena, na alipoteleza ndipo akapewa mkono wa pongezi.

Stesheni yenyewe haikudumu. Watu walihamia kwenye simu, mitambo ikauzwa, na kile chumba sasa ni cha kinyozi. Mimi nashona sare za shule Bungoma. Nikienda Malakisi, mama hunipikia, hunisimulia kwa lugha ya kwetu habari za majirani na za ng'ombe. Lakini nikianza kusema Kiswahili, hata na watoto, huinuka taratibu akatoka nje.